Kinyaa cha Nehemiah Makhanu

Nehemiah Makhanu alizaliwa na kinyaa, na Navakholo nzima ilijua. Akiwa mtoto hakuweza kunywa chai iliyofanya utando wa maziwa juu. Dada yake Sellah, aliyemfuata kwa kuzaliwa, aliuopoa utando huo kwa kidole na kuumeza haraka kabla mama yao hajageuka, maana mama alikuwa mwepesi wa kofi. Makhanu alipokuwa mtu mzima, aliwahi kuondoka karamuni ukweni kwake kwa kuwa alimwona mjomba wa mkewe akipenga kamasi, akafuta vidole kwenye nyasi, kisha akaurudisha mkono uleule kwenye sinia la obusuma, ugali wa kwao. Mkewe, Roda, alilia kwa aibu siku ile. Matangani Makhanu alikwenda na kikombe chake mfukoni. Pombe ya busaa hakugusa, kwa sababu hakuelewa mtu anawezaje kunyonya mrija uliotoka kwenye mdomo wa mwenzake. Watu walimcheka mpaka wakachoka, wakamzoea.

Kazi yake ilikuwa kuendesha trekta ya miwa. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo wa elfu mbili, na miwa ilikuwa imemeza kila kitu. Watu waling'oa mihogo, waling'oa migomba ya nyuma ya jikoni, wengine walipanda miwa mpaka ikagusa ukuta wa choo. Malipo ya miwa yakitoka, wanaume wenye wajukuu walipotea majumbani, wakaonekana tena mifuko ikiwa mitupu, wamevimba nyuso, wananuka pombe na sabuni ya gesti. Kando ya mzani wa kupimia miwa, pale matrekta yalipojipanga kusubiri zamu, pakazuka kijiji cha mabati: vioski vya chai, vyumba vya kukodi, na wanawake waliomjua kila dereva kwa jina.

Makhanu aliwaona wenzake wakiingia vyumba vile na kutoka wakifunga mikanda, naye akalala chini ya tela lake, juu ya gunia lake mwenyewe. Haikuwa uchaji wa Mungu. Aliliwazia tu lile godoro, akawawazia wote waliolala juu yake tangu asubuhi, na mate ya kutaka kutapika yakamjaa mdomoni. Wenzake walimwita Padre.

Jina hilo ndilo lililomfikisha kwa watu wa mradi. Mradi wa kuzuia ukimwi ulikuwa umetoka mjini Kakamega, ukapewa chumba nyuma ya kanisa, na ulitafuta watu wa kuzungumza na wenzao: mmoja wa wakata miwa, mmoja wa wauza pombe, mmoja wa vijana wa boda boda za baiskeli, mmoja wa madereva. Pale kijijini kikundi hicho kiliongozwa na Mama Zilpah, muuguzi aliyestaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa.

"Baba Jael," Zilpah alimwambia Makhanu, akimwita kwa jina la mwanawe, "nasikia wewe si mtu wa kuzururazurura. Tunataka mtu kama wewe aongee na madereva."

"Mama Zilpah, msinipe sifa isiyo yangu. Mimi naonanga kinyaa tu."

Zilpah akacheka. "Hata kinyaa tutakitumia."

Baadaye alilijutia neno hilo.

Mafunzoni walifundishwa kuonyesha jinsi kondomu inavyovaliwa, kwa kutumia kipande cha muwa kilichomenywa. Makhanu aliifungua pakiti, mafuta yake yakamgusa vidole, akatoka nje kujisugua kwa mchanga na majani. Wenzake walicheka hadi machozi. Siku yake ya kwanza kusimama sokoni mambo yalikwenda ovyo. Alisema aliyofundishwa, neno kwa neno, na wanaume wakamtania: Padre amejuaje matumizi ya hiyo kitu? Mlevi mmoja akaipuliza kondomu ikawa puto, akaitupa kwa wauza nyanya, watu wakashangilia.

Hapo Makhanu akakasirika, na kwa hasira akasema yaliyokuwa moyoni.

"Chekeni," alisema. "Mnajua mnalala juu ya nini pale mzanini? Mnalala juu ya jasho la watu na usaha wa watu. Mimi nawaona mkiingia kama nguruwe kwenye hori moja. Na ugonjwa huu mnaouchekea, mwenye kuupata anaoza akiwa hai. Ngozi inatoka. Tumbo halifungi. Ananuka kabla hajafa! Ukikaa naye chumba kimoja unaisikia harufu ya kaburi. Ndivyo mnavyotaka wake zenu wawaone?"

Soko likanyamaza. Mtu mmoja akatema mate. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi akayafunika. Makhanu alipoteremka kwenye kreti ya soda aliyosimamia, wanaume walikuja mmojammoja kuchukua mipira ya kondomu, kimya, bila kumtazama usoni, na sanduku likaisha.

Afisa wa mradi kutoka mjini, mtu mnene aliyependa kupeana mikono na kila mtu, alifurahi sana. Akaanza kumchukua Makhanu kwa pikapu siku za soko, mpaka Lumakanda, mpaka Mautuma, huko kwenye mashamba ya mahindi. Kila mahali Makhanu alisema yaleyale, na kila alipoyasema aliyaongezea chumvi, kwa kuwa aliona watu wanavyokunja nyuso, na kwa mara ya kwanza maishani watu walikuwa wanahisi anachohisi yeye. Hakuwa peke yake tena na kinyaa chake. Hilo lilimpa raha kubwa kuliko alivyokubali.

Zilpah peke yake hakufurahi.

"Unawafundisha au unawatisha?" alimwuliza.

"Si mipira inachukuliwa?"

"Inachukuliwa. Lakini nyumba nilizokuwa nikiingia sasa zinanifungia mlango. Watu wanaficha wagonjwa wao, Baba Jael. Jana nimeambiwa mgonjwa amesafiri, na nilikuwa namsikia akikohoa nyuma ya pazia."

Makhanu alidhani mama wa watu anazeeka na anaona wivu. Akaendelea na pikapu.

Sellah alikuwa ameolewa Mautuma. Kaka na dada walikuwa hawajaonana muda mrefu, kwa uzembe tu wa watu wenye kazi. Makhanu alipata habari kwamba shemeji yake amefariki, akatuma rambirambi, akasema msimu wa miwa ukipungua atakwenda. Msimu haukupungua. Jioni moja alifika nyumbani akamkuta Roda ameketi jikoni bila kuwasha moto.

"Sellah amerudi," Roda alisema. "Wakwe zake wamemfukuza. Yuko kwa ndugu yako mkubwa."

"Kwa Cornelius? Anaendeleaje?"

"Wamemweka stoo."

"Stoo gani?"

"Ile ya mbolea."

Boma la baba yao, aliyekwisha kufa, lilikuwa la Cornelius sasa, upande wa pili wa mto, na stoo hiyo Makhanu aliijua: kibanda cha mabati kisicho na dirisha, magunia ya mbolea ya miwa mpaka darini, hewa inayochoma macho. Alifika kesho yake asubuhi. Cornelius alikuwa ameketi kivulini anakunywa chai. Mkewe, Alice, alikuwa anamimina uji kwenye sahani ya bati iliyotobolewa ukingoni kwa msumari, ili isichanganyike na nyingine. Akaiweka chini mbele ya mlango wa stoo, akaisukuma ndani kwa mpini wa jembe, kama mtu anavyomsogezea mbwa mkali chakula. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akaenda kunawa mikono, na akanawa mpaka viwiko.

Makhanu alimsogelea kaka yake pale kivulini.

"Ndugu," alimwambia Cornelius, "huyo ni mtoto wa mama yetu."

Cornelius hakuinuka. "Usiniangalie hivyo. Maneno ni yako. Nilikusikia sokoni kwa masikio yangu haya. Si ulisema ukikaa naye chumba kimoja unaisikia harufu ya kaburi? Mimi nina watoto hapa."

"Shemeji, sisi tumefuata mafunzo tu," Alice akaongeza, kwa upole kabisa, akijipangusa mikono kwenye leso.

Ule upole ndio uliomkata Makhanu. Wangemtukana angalau angekuwa na la kujibu. Akaenda kwenye mlango, akausukuma. Uvundo ulimpiga kama ukuta: mbolea, na chini ya mbolea ndoo ambayo hakuna aliyeimwaga, na jasho la homa, na uji uliochacha. Katika giza aliona mguu mrefu, mkavu, wenye kidonda kilichotuliwa na nzi. Aligeuka akatapika palepale kizingitini, akishika ubao wa mlango.

Kutoka ndani sauti ikasema, nyembamba lakini ileile ya siku zote:

"Nehe, umekuja kunisalimia au kunitapikia?"

Angeingia wakati huo, labda mengi yangekuwa mepesi baadaye. Hakuingia. Alisema, "Nitarudi, Sellah," akaondoka akijifuta mdomo, na nyuma yake akamsikia Alice akimwambia Cornelius, "Umeona? Hata yeye."

Maneno hayo alitembea nayo njia nzima, katikati ya kuta za miwa, na kila alipoyakumbuka alitema mate. Alijiona mchafu. Mtu aliyeoga asubuhi na jioni, aliyebeba kikombe chake mfukoni, alijiona mchafu kuliko ndoo ile.

Alimweleza Roda yote, hata kutapika. Roda alimsikiliza akiwa amesimama.

"Basi wewe kaa hapa," Roda alisema. "Mimi nakwenda."

Alikwenda na Zilpah. Walimtoa Sellah stooni bila kumwomba mtu ruhusa, wakamtafutia baiskeli ya boda boda. Mwenye baiskeli akamtazama mgonjwa, akauliza kama ni ule ugonjwa, kisha akataka watandike gunia kwenye kiti, na walipofika akaliacha gunia lake mferejini hakulitaka tena. Roda alikuwa amemshika wifi yake kwa nyuma njia nzima ili asianguke. Njiani watu walitoka kwenye vibaraza kutazama, na mama mmoja, mwimbaji wa kwaya anayefunga macho akiimba, alimvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango kwa kishindo.

Nyumbani kwa Makhanu chumba kilikuwa tayari. Zilpah alivua koti, akakunja mikono ya gauni, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mwili wake tutauosha sisi wanawake," alisema. "Wewe ni kaka yake, hilo si lako. Lako ni ndoo, mashuka, na vidonda vya miguu."

"Mama Zilpah, mimi siwezi. Unajua siwezi."

"Najua. Utatapika. Ukimaliza utarudi."

Akampa glavu, akamwonyesha jinsi ya kuloweka mashuka kwa dawa, jinsi ya kuosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kutoka katikati kwenda nje. Alimweleza tena yale waliyoambiwa wote mafunzoni na ambayo Makhanu hakuwahi kuyasema sokoni hata mara moja: kwamba virusi haviruki hewani, kwamba sahani haina hatia, kwamba mtu hafi kwa kumshika mgonjwa mkono. Makhanu alikuwa anayajua. Aliyaacha kwa sababu hayakuwa yakinyamazisha soko.

Ikawa kama Zilpah alivyosema. Alimwaga ndoo, akatapika, akarudi. Alifua, akatapika. Akajifunza kutia kipande cha tangawizi mbichi mdomoni na kukitafuna huku machozi yakimtoka, na kwa namna hiyo akaweza kuosha mguu mzima kabla ya kukimbilia nje. Sellah alilalia ubavu na kumtazama.

"Unaonekana kama mwenye kuumwa ni wewe," alimwambia.

"Nyamaza, nitakuumiza."

"Nehe."

"Eh."

"Nilikuwa pale Mautuma siku ile."

Mkono wa Makhanu ukasimama.

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya wauza viatu," Sellah akaendelea. "Nilikuja kununua limau, mume wangu alikuwa ameanza kuhara. Nikasikia sauti nikasema, huyu si Nehe? Nikajisogeza nikusalimie. Halafu nikasikia unachosema."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuitaje? Ulikuwa unanisema mimi." Alikohoa muda mrefu, akapumzika. "Nilirudi nikamfungia mume wangu ndani, watu wasimsikie harufu. Nilifunga hata dirisha. Mama mkwe akaniunga mkono. Hatukumpeleka hospitali, kwa aibu. Alifia mle ndani, kumefungwa kote, kwenye joto, akiomba tumtoe nje apate hewa."

Makhanu alimaliza kuufunga mguu, akachukua beseni, akatoka. Alipofika nyuma ya choo aliyamwaga maji, akachuchumaa, akangoja kutapika ili apate nafuu, lakini hakikutoka kitu. Kilichomchefua safari hii hakikuwa tumboni. Aliisikia sauti yake mwenyewe juu ya ile kreti, ikipanda, ikifurahia, na akatamani kuitoa kooni kwa vidole.

Zilpah ndiye aliyetilia shaka kile kikohozi. Sellah alipimwa kituo cha afya akakutwa na kifua kikuu pamoja na virusi, akaanzishiwa dawa za kifua na vidonge vya septrini vya kila siku. Makhanu na Roda wakapimwa pia. Wao walikuwa salama. Miezi ikapita, kikohozi kikapungua, vidonda vikakauka, na siku moja Sellah akaomba ingokho, kuku wa kienyeji, si mchuzi tu bali na nyama yake. Alimla kwa kelele, akanyonya mifupa, na Makhanu, ambaye hakuweza kuvumilia mtu anyonye mifupa mbele yake, alikaa pale akamtazama mpaka mwisho.

Wakati huo ndipo afisa alipokuja na pikapu. Kulikuwa na wageni kutoka kwa wafadhili, wakubwa, walitaka kuona kazi ya sokoni. "Ile hotuba yako, Makhanu. Ile ya magodoro."

"Nitaongea," Makhanu alisema, "lakini ile sitaisema tena."

Afisa alidhani ni mzaha. Siku ya soko Makhanu akasimama juu ya kreti, na watu walikuwa wengi kweli, wengine wamekuja makusudi kumsikia. Akawaambia:

"Nilisema hapa kwamba mtu mwenye ugonjwa huu ananuka kaburi. Nilidanganya. Ananuka asipooshwa, kama wewe na mimi. Dada yangu ana virusi. Yuko nyumbani kwangu. Tunakula sinia moja. Mkitaka mipira chukueni, itawasaidia. Lakini mlio na wagonjwa nyuma ya mapazia, watoeni muwaoshe."

Kulikuwa na ukimya, lakini haukuwa ule wa zamani. Alimwona dereva mwenzake, ambaye walikuwa wamesalimiana dakika chache zilizopita, akiufuta mkono wake kwenye suruali, polepole, akidhani haonekani. Mwanamke wa maandazi alifunika karai lake. "Kumbe na wewe!" mtu akasema, na mwingine akaguna, "Sinia moja!" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kinyesi. Nafasi ikafunguka kuzunguka kreti, pana zaidi kila alipotazama, mpaka akabaki akiongea na mbuzi na wageni. Sanduku la mipira lilirudi mjini likiwa limejaa.

"Wameona uwanja mtupu," afisa alimfokea kando ya pikapu. "Unajua maana yake?"

"Najua."

"Ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi, bwana!"

"Ilifanya kazi, ndiyo. Nenda Mautuma ukaone kazi yake."

Hawakumwita tena. Walimchukua mhubiri mmoja mwenye spika na picha kubwa za vidonda zilizopakwa rangi nyekundu, na soko likajaa upya. Makhanu alipita siku moja na trekta akaziona picha zile zimetundikwa kwenye uzio, watoto wakizikimbia na kuzirudia wakicheka kwa woga, na watu wazima wamekunja nyuso kwa raha ileile. Alipandisha gia, akaongeza mwendo.

Baadaye mradi ukaanza kutoa unga wa lishe, maharagwe na mafuta kwa nyumba zinazotunza wagonjwa. Haikupita muda, Jumapili moja, Cornelius akaingia uani kwa Makhanu amevaa koti la harusi, Alice nyuma yake na jogoo chini ya kwapa. Roda aliwakaribisha, kwa kuwa ni wageni, akasonga obusuma, akapika mboga za mrenda. Wakaketi wote, Sellah naye, amenawiri, amesuka nywele.

"Tumekuja kumchukua dada yetu," Cornelius alisema. "Ni aibu binti wa baba kukaa kwa ndugu mdogo wakati boma la baba lipo. Nimekwisha kuongea na watu wa kikundi. Nimewaambia mtunzaji wake ni mimi."

"Umewaambia hivyo?" Sellah akauliza.

"Nimewaambia."

"Na ile stoo, kaka, mmeifagia?"

"Tumeipaka hata chokaa!" Alice akadakia, kwa fahari.

Sellah akanyoosha mkono, akamega tonge, akalichovya kwenye bakuli la mrenda lililokuwa katikati, akalivuta taratibu, akalila. Kisha akamega jingine, akalikanda vizuri kwa vidole vyake vyote, akamnyooshea Cornelius.

"Basi kula, mtunzaji wangu."

Mkono wa Alice, uliokuwa njiani kuelekea kwenye bakuli, ukarudi mapajani. Cornelius alilitazama lile tonge. Makhanu alimwona akimeza mate, akiutazama mlango, akimtazama Zilpah ambaye alikuwa ameingia kumwona mgonjwa wake na kusimama pale. Kisha Cornelius akalipokea tonge, akalitia mdomoni, akafumba macho, akalimeza zima bila kutafuna, jasho likimtoka juu ya mdomo. Alipofumbua macho alitabasamu, na kipande cha mrenda kilikuwa kimemnata kwenye jino.

Makhanu alisimama akatoka. Alikuwa ameona ndoo, ameona usaha na nzi, lakini kitu kilichomgeuza utumbo kama tabasamu lile hakuwahi kukiona. Alisimama kwenye mahindi mpaka waliposhika njia. Zilpah aliwaambia mgonjwa anatunzwa palipo na mtunzaji, basi. Jogoo wao waliondoka naye.

Hivyo ndivyo Makhanu alivyoacha kusema sokoni akaanza kwenda majumbani na Zilpah, siku zisizo na trekta. Watu husimulia kwamba alibadilika. Roda hukanusha. Alibaki vilevile, anasema, alirudi nyumbani akajisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikawa nyekundu, na usiku mwingine hakula. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika hospitali kubwa ya wilaya, Sellah alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzimeza, na siku hizi huuza nguo za mitumba Navakholo na kuongea na wanaokuja kibandani kwake, wawili watatu, bila kreti wala spika. Cornelius humsalimia kwa mbali, mkono mfukoni.

Siku zile Makhanu alipoanza kwenda majumbani, kulikuwa na kambi ya wakata miwa kando ya shamba la kiwanda, safu ya vibanda vyeusi kwa moshi, ambako watu wa mbali walilala wanne wanne. Zilpah alisikia kuna mkata miwa mmoja, Masinde, ambaye wenzake wamemhamishia kwenye kibanda cha kuwekea mapanga. Goti lilikuwa linamsumbua mama wa watu, kwa hiyo Makhanu alikwenda peke yake na beseni. Alimkuta jamaa amejikunyata juu ya majani makavu ya miwa, kijana wa mabega mapana yaliyobaki mifupa. Alipomwona mgeni akajivuta mpaka ukutani na kujifunika blanketi hadi puani.

"Wewe ndiye yule wa sokoni," Masinde alisema. "Uliyesema tunanuka."

"Ni mimi."

Tangawizi ilikuwa inamchoma Makhanu ulimi.

"Haya. Sema sasa. Nanuka?"

"Unanuka, ndugu yangu," Makhanu alisema. "Unanuka sana. Hujaoshwa wiki ngapi? Lete mguu."

Masinde hakusogea. Makhanu akaweka beseni chini, akatoka nje, akatapika kwenye majani ya miwa, akasukutua, akatia tangawizi nyingine mdomoni. Aliporudi, blanketi lilikuwa limefunuliwa na mguu umenyooshwa.